Nani aende, nani abaki: ajira za muda za TASAF zinavyogawiwa vijijini Nyanda za Juu Kusini

Hesabu ya ajira za muda, zile kazi za mikono ambazo TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania) huzipa kaya maskini kwa ujira, ni fupi. Kwa viwango vya awamu ya pili ya mpango wa kunusuru kaya maskini, ni shilingi 3,000 kwa siku, siku 10 kwa mwezi, miezi sita kwa mwaka: siku 60, shilingi 180,000. Kazi ni saa nne kwa siku, na kaya hutoa mtu mmoja kwa siku moja. Awamu ya kwanza ya mpango ililipa 2,300 kwa siku, siku 15 kwa mwezi, miezi minne. Siku ni zilezile 60, sema zimetandazwa.

Wanaouliza habari za kazi hizi wengi huuliza hela zinaingia lini. Mimi naona jambo linaloharibu au kutengeneza yote liko nyuma kabisa ya malipo, siku ile ya kuandika majina: nani wa kaya hii aende, aende mradi upi, na mwezi gani. Siku hiyo hupita haraka mno. Mtendaji anasoma orodha, watu wanaitikia, jioni imeisha.

Tuanze na kinachotangulia. Mlengwa wa TASAF ni kaya, si mtu. Kaya imeingia kwenye daftari baada ya mkutano wa kijiji kuzitaja kaya duni, dodoso kujazwa nyumba kwa nyumba, alama kupangwa kwa kompyuta, kisha orodha kurudishwa mkutanoni isomwe mbele ya watu. Dodoso lina majina ya wanakaya wote na umri wao. Kutoka hapo wanatafutwa wenye miaka 18 hadi 65 wanaoweza kazi ya mikono. Kaya isiyo na mtu wa namna hiyo, ya bibi na wajukuu tupu au ya mgonjwa wa kitandani, inabaki na ruzuku yake na haidaiwi jembe. Hili lisemwe wazi mkutanoni, maana wazee wengi hujikokota kwenda kuandikwa kwa hofu kwamba asiyefanya kazi atafutwa.

Kosa la kwanza liko hapohapo: kamati hutafuta mwenye nguvu. Inaonekana ni busara, na ndiyo inayoleta utoro wa mwezi wa pili. Chukua kaya ya bibi wa miaka 63, binti yake wa 24 anayenyonyesha, na kijana wa 19. Kwa macho, kijana ndiye. Lakini uliza: huyu kijana sasa hivi analeta nini nyumbani? Kama anabeba mbao kwenye mashine za kupasulia huko Mufindi, anapata zaidi ya hiyo 3,000, na ukimwandika atakuja siku mbili za kwanza kisha arudi mbaoni. Binti? Ananyonyesha, hawezi sururu, ila anaweza kukaa kitaluni akijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, mtoto akiwa pembeni. Bibi anaruhusiwa kwa umri, lakini akienda yeye, nani anabaki na mtoto binti akitoka kwenda sokoni au zahanati?

Jibu zuri kwa kaya hiyo ni binti aandikwe mhusika mkuu kwa kazi ya kitalu, na bibi awe mbadala wa kazi hiyohiyo. Kijana aachwe na kibarua chake. Kwa mradi wa barabara jibu lingekuwa jingine kabisa. Ndiyo maana siafiki kuandika majina kabla mradi haujajulikana. Kaya ileile ina mtu tofauti wa kutoa kwa kila kazi, na swali la kuanzia ni nani atabaki nyumbani akiondoka huyu, na yule atakayebaki ataweza nini. Mwenye nguvu atajitokeza mwenyewe mwishoni mwa hesabu.

Nchi zilizoanza mambo haya zamani zilijifunza hilo kwa gharama. Sheria ya Marekani ya 1996, iliyouambatanisha msaada wa familia maskini na sharti la kufanya kazi, iliweka saa 30 kwa wiki kwa mzazi anayelea peke yake, lakini ikamshushia hadi 20 mwenye mtoto wa chini ya miaka sita. India, katika sheria yake ya 2005 ya siku 100 za kazi vijijini, iliagiza kwamba wakifika watoto watano wa chini ya miaka sita kwenye eneo la kazi, mwanamke mmoja wa palepale apewe jukumu la kuwaangalia na alipwe ujira sawa na wenzake. Hilo la pili linafaa sana kwetu. Kwenye kundi la watu 40 huwa hapakosi mama wa miaka 60 ambaye jembe limeshamshinda lakini watoto wanamsikia. Mpe kivuli, maji ya kunywa na orodha ya watoto. Mhesabie siku yake kama mchimbaji.

Sasa kalenda, na hapa kwetu ndipo penye utata kuliko kote. Mpango unataka kazi zifanyike wakati wa njaa, ili ujira uziokoe kaya zisiuze mbuzi au jembe. Mikoa yetu ya Mbeya, Iringa na Njombe ina msimu mmoja wa mvua: zinaanza Novemba, zinaisha Aprili au Mei. Mahindi yanavunwa Juni hadi Agosti. Njaa basi ni Januari, Februari na Machi, ghala likiwa tupu na mahindi shambani bado mabichi. Miezi hiyohiyo ndiyo ya palizi na mbolea. Mlengwa anayeshinda mtaroni Januari anaacha majani yamzidi shambani kwake, au anaacha kibarua cha palizi kwa jirani. Analipwa leo, anavuna kidogo Julai.

Wengine husema basi tuzipeleke kazi zote kiangazi, watu hawana shughuli. Huyo hajakaa Kilolo wala Njombe. Kiangazi kuna vinyungu: kuanzia Juni watu wameshuka mabondeni, wanalima mahindi ya kuchoma, maharage na mboga kwenye unyevunyevu, wanamwagilia. Mbarali kuna mavuno ya mpunga Mei hadi Julai, na kibarua cha kuvuna huwezi kukishindanisha na 3,000. Rungwe kuna chai, na chai hukolea kuchumwa mvua zikiwa nyingi. Iringa masika ni ya ulanzi, pombe ya mianzi; mgema anaipitia mianzi yake asubuhi na jioni, asubuhi ileile ya kuitwa majina. Mcheke ukitaka, lakini huyo siku zake 10 za mwezi zitapungua hadi sita, na kila siku aliyokosa ni 3,000 ambayo haitarudi.

Kinachowezekana ni kugawa siku 10 za mwezi kwa wiki, badala ya kuzifululiza. Siku mbili au tatu kila wiki, Jumatatu hadi Jumatano, saa mbili hadi saa sita mchana. Mchana wote uliobaki ni wa palizi. Mnada au gulio la kata likiwa Jumatano, ruka Jumatano. Juni na Julai kule Makete na Mufindi juu anzeni saa tatu: barafu ya alfajiri haijayeyuka saa mbili, na mtu asiye na viatu hawezi kushika jembe ganzi imemjaa. Kufululiza siku 10 hupendwa na msimamizi kwa sababu anakuja mara moja na kuondoka. Ratiba inamhudumia yeye.

Umbali nao ni ujira. Mradi wa kijiji unaweza kuwa kitongoji cha chini, na wewe unakaa cha juu, kupanda na kushuka saa moja na nusu kila upande. Saa nne za kazi zimekuwa saba. Shilingi 750 kwa saa zimekuwa kama 430. India waliweka mstari: kazi iwe ndani ya kilomita tano za kijiji, zaidi ya hapo ujira uongezwe asilimia 10. Sisi hatuna nyongeza hiyo, kwa hiyo dawa ni kuchagua mradi kwa ramani ya vitongoji na siyo kwa sauti ya kitongoji chenye watu wengi mkutanoni. Kijiji kilichotawanyika bora kiwe na kazi mbili ndogo, hata kama mratibu wa halmashauri atalalamika kwamba usimamizi ni mara mbili.

Kuhusu kumpa mtu kazi ndani ya mradi, nitakaa kidogo, maana miongozo huishia kwenye jina la mradi na kumwachia msimamizi mengine yote.

Barabara ya kijiji, mtaro wa pembeni. Juu upana sentimita 90, chini 30, kina 50. Kila mita moja ya urefu ni udongo wa mita za ujazo 0.3. Kwa kazi za mikono za barabara, kipimo kinachotumika sana kwa udongo wa kawaida ni kama mita za ujazo 3.5 kwa mtu mzima mwenye afya kwa siku nzima. Udongo mgumu 3, mgumu sana 2. Saa nne ni nusu. Udongo wa kawaida: 1.75, gawa kwa 0.3, unapata karibu mita sita. Punguza kwa sababu watu hawa si vibarua waliochaguliwa kwa misuli, na wengine wametoka nyumbani na chai ya rangi tu: mita tano. Udongo mgumu mita nne, mgumu sana mita tatu au pungufu. Siku ya kwanza wapimie watu watatu wa umri tofauti, angalia wamefika wapi saa nne zikiisha, kisha ndiyo upige kamba na vigingi kwa wote.

Ukimpimia kila mtu mita tano zake peke yake, mzee wa 60 atakuwa bado anachimba saa nane mchana, na kesho mjukuu wa miaka 14 atakuja kumsaidia. Mtoto kazini amepatikana hivyo, bila mtu kumwajiri. Weka watu watano kwa mita 25. Wawili wanashika sururu na jembe, mmoja anatoa udongo kwa beleshi, mmoja anausambaza barabarani, mmoja anachonga ukuta wa mtaro na kupima kina kwa fimbo iliyotiwa alama. Wanapokezana wenyewe. Mzee anachonga na kupima, na huifanya kazi hiyo vizuri kuliko vijana kwa kuwa hana haraka. Kundi likiwa la ndugu watupu au wa balozi mmoja, mahudhurio yanaongopewa. Likiwa la wasiojuana kabisa, linagombana. Changanya vitongoji viwili.

Kitalu cha miti kina hesabu yake. Paini wa nafasi ya mita tatu kwa tatu ni miche 1,111 kwa hekta. Hekta tano ni 5,555. Ongeza asilimia 20 ya kufa na kuziba mapengo, andaa viriba kama 6,700. Miche hukaa kitaluni miezi sita hadi minane, na kupanda ni mvua zikishashika, Desemba au Januari. Kwa hiyo mbegu iwe ardhini Mei au Juni. Fedha za vifaa zikichelewa hadi Septemba, usianze. Utapata miche ya urefu wa kidole Januari, itapandwa ili ripoti ijazwe, na Juni barafu itaimaliza. Afadhali miezi hiyo watu wapelekwe kwenye makinga maji au mtaro.

Ndani ya kitalu kuna kazi nne ambazo hazilingani hata kidogo. Kuleta udongo: paini huota vibaya bila udongo uliotoka chini ya paini wakubwa, wenye ukungu unaosaidia mizizi, na udongo huo unabebwa kutoka msituni kwa magunia au toroli. Hiyo ni ya vijana. Kuchekecha na kuchanganya ni ya wenye nguvu za kati. Kujaza viriba hufanywa mtu amekaa, ndiyo ya anayenyonyesha, mjamzito na mwenye ulemavu wa miguu. Kumwagilia ni kila siku, pamoja na Jumapili, na hapo siku 10 za mwezi zinagoma kabisa. Suluhisho ni zamu: watu sita, kila mmoja siku tano za kumwagilia na tano za kazi nyingine, mwezi umejaa. Vitalu vingi hufa siku za mwisho wa mwezi, wakati kila mtu ameshamaliza siku zake 10 na hakuna anayelipwa kushika ndoo.

Karatasi sasa, kwa ufupi. Jina linaloitwa kwenye mahudhurio, jina la kwenye daftari la kaya, jina la kitambulisho cha taifa (NIDA) na jina la laini ya simu inayopokea fedha yanapaswa kusomeka sawa. Kwetu mtu huitwa kwa jina la ukoo nyumbani, la ubatizo shuleni, na mama fulani kijijini. Mbadala akienda kazini siku nne bila kuandikwa kuwa mbadala, siku hizo nne hukwama. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mkwe aliyeko Makambako italipwa vizuri tu, na hela zitapokelewa Makambako. Yote haya yakaguliwe kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Baada ya malipo kukosewa, kurekebisha kunapitia kijiji, halmashauri na kuendelea juu, wakati mtu ameshakopa unga.

Kuna tabia nyingine ya kuangaliwa, na haiko Tanzania peke yake. Uingereza kuanzia 2011 hadi 2017 ilikuwa na mpango ulioyapa mashirika binafsi kazi ya kuwatafutia ajira waliokaa kwenye posho muda mrefu, na sehemu kubwa ya malipo ilitolewa mtu akidumu kazini. Walioonekana wagumu zaidi, wagonjwa wa muda mrefu mathalani, waliwekewa malipo makubwa zaidi. Bado mashirika yalihangaika na wale ambao wangepata kazi hata bila wao, wagumu wakaachwa wakae. Kwetu hakuna shirika la kulipwa kwa mtindo huo, ila kuna msimamizi anayepimwa kwa mita za barabara zilizokamilika. Mpime kwa mita tu, naye atachagua vijana na kuwaambia wazee wasaini na kurudi nyumbani. Mratibu akitembelea mradi aombe pia siku zilizofanywa na wenye zaidi ya miaka 50 na wanaonyonyesha. Mahudhurio yanayo hayo yote, ni kuyasoma.

Na baada ya siku 60? Ajira ya muda haikuundwa impeleke mtu kwenye kazi ya kudumu. Mpango unategemea sehemu yake ya kukuza uchumi wa kaya: vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana vya watu 10 hadi 15, mafunzo ya biashara, na ruzuku ya uzalishaji. Kuna pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurudi 2024. Tofauti ya mradi na mradi inaonekana hapa. Aliyefyeka barabara siku 60 ametoka na ujira. Aliyekaa kitalu cha parachichi akafundishwa kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha aina bora kwenye shina la mche: kuchagua kikonyo, kukata mshazari, kufunga nailoni isipitishe maji, ametoka na kazi inayotafutwa Rungwe na Njombe nzima. Mashina yanayofaa kubebeshwa ni yenye unene wa penseli, na mtu akiharibu mashina 50 ya kwanza ndipo mkono unakaa. Kwa hiyo mkadirie hasara hiyo kwenye mbegu. Anayeonyesha mkono mwepesi kwenye kujenga kalavati aelekezwe VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani na kutoa cheti bila kurudi darasani miaka miwili. Kwa kijana wa kaya aliyemaliza chuo kuna TaESA, huduma ya serikali ya kuunganisha watafuta kazi na waajiri, ila mzazi wake mwenye jembe usimpeleke huko.

Mashamba ya chai, mashine za mbao na vituo vya kufungasha parachichi huchukua watu wengi kwa msimu, na mtendaji akipigiwa simu kwamba wanatakiwa 20 hujisikia amepata neema. Kabla hajatangaza aulize mambo machache, ayaandike. Malipo ni kwa kilo au kwa siku? Kama ni kwa kilo, mchumaji mgeni anatoa kilo ngapi wiki ya kwanza, na kuna kima cha chini wiki hiyo? Nauli ya kwenda nani anatoa, na je, inakatwa kwenye mshahara wa kwanza? Kuna pa kulala, na mama mwenye mtoto anaruhusiwa hapo? Mkataba unaandikwa kwa jina la nani, mwajiri au mtu wa kati anayekusanya watu kwa lori? Kama ni mtu wa kati, namba ya simu ya ofisi ya shamba lenyewe ni ipi? Jibu la swali hilo la mwisho likikosekana, lori liondoke bila watu wa kijiji.